Vali ya Saa Kumi

2 Machi

Mdogo wangu Kobe,

Kasha limefika hapa maabara na basi la asubuhi. Barafu imeyeyuka nusu, lakini chupa zote kumi na mbili za maji ya bahari ni nzima, mwambie binamu yetu Pafu nimezipokea. Nawe nakuandikia humu humu kwenye kasha tupu linalorudi kwenu, kwa sababu najua simu yako msimamizi wenu anaipekua getini, na haya si maneno ya kupekuliwa.

Unamjua Pafu. Mtu anayekaa chini ya maji dakika tatu akitafuta pweza mashimoni hana pumzi ya kupoteza kwa uongo. Miezi mitatu ananiambia miamba inaota manyoya, nami namcheka. Safari hii kaniletea kipande cha tumbawe kwenye mfuko. Nilipokikwangua, mwani ulitoka kama ngozi ya mnyama anayechunwa, na chini yake jiwe lilikuwa jeupe, limekufa, limetobolewa na minyoo kila upande.

Nikayapima maji. Naitrojeni iko mara tisa ya kiasi chake, na fosforasi haiko nyuma. Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Tumbawe ni mnyama aliyezoea kula kidogo kwenye maji safi. Ukiimwagia bahari kinyesi, umeitia mbolea. Mbolea hiyo haimshibishi tumbawe, inaushibisha mwani, na mwani ukishiba unampanda mwenzake kichwani na kumkaba mpaka afe.

Mji wenu una mtambo mmoja wa majitaka na bomba moja linaloingia baharini, na fundi wa pampu ni wewe. Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja tu. Mtambo unafanya kazi?

Msalimie wifi yangu.

Dada yako

*

16 Machi

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta kalamu isiyoogopa kumwandikia mtu wa maabara.

Mtambo unafanya kazi. Majitaka yanaingia, yanakaa mabwawani, mashine zinapuliza hewa, vijidudu vinakula uchafu, maji yanatoka. Haya unayajua kuliko mimi. Chumba changu ni kile kile: pampu mbili, kiti kimoja kisicho na mgongo, dirisha linalotazama geti, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna mwenye haraka ya kuitoa ukutani. Kama kuna mbolea baharini, waulize wenye mashamba ya juu huko. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Mji mzima unakwenda chooni, lakini akitafutwa mwenye dhambi anatafutwa anayepokea.

Pafu alikuja getini juzi alasiri. Kabeba ndoo ya maji ya bahari, anataka msimamizi ayanywe mbele yake. Kulitokea msukumano kidogo na walinzi, kisha akaondoka. Mtu mzima wa miaka arobaini anatembea na ndoo barabarani kama anakwenda kuoga kwa jirani. Mwambie apunguze moto, utamuunguza mwenyewe.

Mke wangu anakusalimu, anasema ukija safari hii usilete tena vile viatu, vilimbana.

Kobe

*

21 Machi

Kobe,

Msukumano.

Pafu kaniandikia, maana kusema hawezi. Taya limevunjika pande mbili, daktari amelifunga kwa waya, anakula kwa mrija. Anasema walinzi watatu walimwangusha. Mmoja akamkalia kifuani, wa pili akammiminia ile ndoo puani na mdomoni mpaka akazimia. Alipozinduka, wa tatu akamkanyaga taya kwa kisigino, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza halikulia. Anasema pia kwamba dirishani alisimama mtu ameshika kikombe. Jina hakulitaja. Wewe ndiye uliyeniandikia kuhusu dirisha na kiti kimoja.

Yule amelelewa na mama yetu, Kobe. Ulipougua surua ni yeye aliyekuwa anakukuna mgongo.

Sasa nisikilize. Nimezipanga chupa zote za miezi mitatu kwa tarehe na saa. Siku nyingi maji ni machafu kiasi. Ila siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku zote, maji yanapoanza kutoka saa kumi alasiri, vipimo vinaruka juu ghafla, vinakaa juu masaa mawili, halafu vinashuka. Pampu haijui bamvua ni nini. Anayejua ni mtu.

Nani anafungua?

Dada yako

*

25 Machi

Ni mimi.

Mashine za hewa zilikufa mwaka jana mwezi wa tano, zote nne. Msimamizi akasema vipuri viko njiani. Njia hiyo sijui inapita wapi. Majitaka hayangoji vipuri, dada, mji unaendelea kula. Kwa hiyo tunayazuia mabwawani mpaka bamvua, na saa kumi, maji yakianza kutoka, nazungusha gurudumu la vali, bomba la baharini linafunguka. Yote yanakwenda chini kwa chini, mabichi kama yalivyoingia, bahari inayavuta mbali kabla hayajapanda juu mtu akayaona. Msimamizi ndiye aliyenifundisha. Alisema bahari ni kubwa.

Usiniulize kwa nini sikukataa. Mwezi wa saba tulikataa, mimi na mwenzangu wa zamu. Hatukufungua. Siku ya tatu mabwawa yakafurika, chemba ikaziba, mwenzangu akashuka kuizibua bila kifaa cha kupumulia, kwa sababu hakipo. Alifika ngazi ya nne. Gesi ile haikupi nafasi ya kuita. Niliona mikono imeachia, basi. Nikamtoa kwa ndoano tunayotolea matambara. Ilimwingia chini ya mbavu na ndivyo nilivyompandisha, nikivuta na kumwomba msamaha, na alikuwa bado ana joto. Tukaambiwa tuseme ni moyo. Mjane wake wakampa kazi ya kufagia ofisi na kushika zamu yangu nikiugua. Tangu siku hiyo nafungua.

Kuhusu Pafu, ndiyo, nilikuwa dirishani. Kikombe sikukiweka chini mpaka walipomaliza. Nimejaribu kukuandikia sababu, nimechana karatasi tatu.

Hii ichome.

Kobe

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeichomea kwenye sinki la maabara.

Tarehe 13 ni bamvua. Siku hiyo usiende kazini. Sema tumbo, sema wifi anaumwa, sema lolote. Usiniulize. Nimekuomba mambo machache tangu tuzaliwe, hili nifanyie.

Dada yako

*

16 Aprili

Wifi yangu,

Kaa kwanza. Mdogo wako yu hai.

Tarehe 13 alikula mchana akaenda kazini kama kawaida. Mengi ya haya nimeambiwa na yule mama mjane anayefagia ofisi, alikuwepo. Mengine nimeyaona mwenyewe hospitali.

Wazamiaji wa pweza, wenzake Pafu, walifika saa kumi kasoro robo, watu kama ishirini, na vyuma vyao vya pweza. Mlinzi wa kwanza walimvunja mkono getini. Wa pili walimchoma paja, chuma kikatokea upande wa pili. Wa tatu alikimbia. Hawakuuliza njia, wifi. Walijua chumba, walijua saa, walijua gurudumu liko ukuta upi. Mbele alikuwa Pafu, waya bado uko tayani, na mkononi ana karatasi iliyoandikwa kwa mkono, tarehe zote na saa.

Walimkuta mume wangu ameshika gurudumu. Pafu akamwekea karatasi usoni. Akasema na meno yamefungwa, "Soma. Ni kweli au si kweli?"

Mjane anasema mume wangu aliisoma muda mrefu, mrefu kuliko maneno yenyewe. Kisha akasema, "Ni kweli."

"Na siku ile dirishani?"

"Nilikuwepo."

Pafu akasema, "Kumbe kweli, kikulacho ki nguoni mwako." Wakamwangukia. Walimpiga mgongo, kichwa, miguu, mpaka mmoja wao akatapika na kutoka nje. Halafu Pafu kwa mikono yake akauchukua mkono wa kulia wa mume wangu, akauingiza kwenye meno ya gia chini ya gurudumu, na wenzake wakaifunga vali. Mjane anasema mzunguko wa kwanza hakulia. Alilia wa pili. Vidole vitatu vimekatwa, na kidole gumba daktari anasema tungoje.

Walipomaliza mtu wakageukia pampu, wakazivunja zote mbili kwa nyundo. Wakaondoka wakiimba.

Sasa sikia. Pampu zimekufa, vali imefungwa, na mji unaendelea na shughuli zake. Kabla jua halijazama majitaka yalirudi. Yalitokea vyooni, yakatokea kwenye mifuniko ya barabarani, yakaingia mtaa wa bondeni nyumba kwa nyumba. Anakaa nani bondeni? Shangazi yenu, mama yake Pafu, na miguu yake ile. Polisi walimkuta Pafu anatoka mlangoni amembeba mama yake mgongoni, uchafu umemfika kiunoni. Walimpiga virungu akiwa amembeba hivyo hivyo. Hakumwachia mpaka goti lilipovunjika. Shangazi alianguka naye, nyonga imepasuka. Amelazwa wodi moja na mume wangu, maana ya majeruhi ni hiyo hiyo moja, vitanda viwili kati yao. Hawasemeshani, lakini jana nilimwona shangazi amempelekea chungwa kwa mkono wa muuguzi.

Nina ombi. Ile karatasi kuna mtu aliyeiandika. Wazamiaji wale hawajui ratiba ya mtambo, wameandikiwa. Mume wangu anamjua, naliona jina limekaa kwenye koo lake, lakini nikimuuliza anageukia ukutani. Wewe una watu huko maofisini. Nitafutie ni nani. Sitaki mengi kwake. Nataka nimshike mkono wake wa kulia, niangalie kama nao unaingia kwenye gia.

Wifi yako

*

19 Aprili

Kobe,

Hii isome peke yako.

Barua yako niliichoma, huo si uongo. Ila kabla ya kuichoma nilinakili tarehe na saa, nikaongeza na za kwangu kutoka kwenye chupa, nikampelekea Pafu. Matokeo nilikuwa nimeyapeleka kwa mkuu wangu wa maabara. Akayafungia kwenye kabati, akasema yasitoke mpaka wenye mtambo wayasome kwanza. Nikasema hawatayasoma. Akasema basi hayatatoka.

Pafu aliniambia watakuja na mtu wa kupiga picha na mwandishi wa gazeti, wakukute vali iko wazi, basi, mambo yawe hadharani. Nilimwamini. Au niseme ukweli: nilikuwa naliona lile taya kila nikifumba macho, na sikumuuliza swali la pili. Kama ningemwamini kabisa nisingekuandikia usiende.

Nilitaka kuokoa miamba na nikaona njia ni fupi. Sijui kuandika zaidi ya hapo. Wifi ananiomba nimtafute aliyeandika. Barua yake ninayo hapa mezani tangu juzi.

Dada yako

*

4 Mei

Dada,

Huu ni mkono wa kushoto, uvumilie kama ulivyonivumilia darasa la kwanza. Mke wangu alitaka nimtajie aandike yeye. Nimekataa, unajua kwa nini.

Niliujua mwandiko wako kabla sijajua maneno yanasema nini. Hizo saba zako unazikata katikati, nani mwingine anakata saba? Pafu ananifokea nisome, mimi namwangalia dada yangu.

Na onyo lako lilifika tarehe 11. Mimi Kobe ni mzito wa miguu, si wa kichwa. Nilijua siku hiyo kuna kitu kinakuja. Ila ningejiuguza, gurudumu angelishika yule mjane, na Pafu kwa hasira aliyokuwa nayo asingeuliza huyu ni mjane wa nani. Nilishamtoa mume wake mle ndani kwa ndoano. Ndiyo sababu nilikwenda. Na sababu nyingine ndogo: nilichoka kuwa dirishani.

Baada ya mji kunuka siku tano, wakubwa walikuja wengi, kila mmoja na kitambaa puani. Msimamizi amekamatwa. Mjane amesema yote kuhusu mumewe. Wameleta pampu za kuazima na mashine mbili za hewa, zinafanya kazi, nazisikia nikipita barabarani.

Polisi wamenihoji mara tatu. Pafu yuko rumande, kesi ni tarehe 20. Kila mara swali ni lile lile: nani aliwapa wazamiaji saa na tarehe? Nimesema ni mimi. Nimesema niliwaandikia mwenyewe kwa sababu dhamiri ilinisumbua. Afisa akaniuliza mbona basi wakuvunje mkono. Nikamwambia waulize wao. Sasa nimeongezwa kwenye kesi, kula njama, niko nje kwa dhamana, na kazi imekwisha. Si neno. Pafu aliposikia nilivyosema, wanasema aliinamisha kichwa na hakula siku hiyo.

Wewe kaa huko. Jina lako halimo popote. Maabara ikikupoteza wewe, bahari hii nani ataipima? Kwa polisi, karatasi ile imeandikwa kwa mkono wangu wa kulia, na huo hauwezi tena kupimwa mwandiko. Huo ndio utani wangu wa mwisho juu yake.

Kobe

*

10 Mei

Kobe, na wifi yangu,

Safari hii nawaandikia wote wawili. Kobe, mpe mkeo aisome kwa sauti, usiifiche.

Wifi, uliniomba nikutafutie aliyeandika ile karatasi. Niliiandika mimi. Mumeo analijua hilo tangu alipowekewa usoni, na amewadanganya polisi kwa ajili yangu. Onyo nililompa lilikuwa la mistari minne, na halikuwa na ujasiri wa kusema kitu. Hiyo ndiyo nafsi yangu, sina nyingine ya kukuletea.

Kobe, sitakubali. Jana nimevunja kabati la mkuu wa maabara kwa bisibisi, nimechukua matokeo yote ya miezi mitano, na barua ya kuacha kazi nimeiacha pale pale ndani ya kabati. Tarehe 20 nitakuwa mahakamani. Nitasema nani alifungua vali na nani alimwamuru, nani alifia chembani, na nani aliwapa watu wenye vyuma saa ya kuja. Nitasema pia habari za taya. Pafu atafungwa na anastahili, lakini hatafungwa kwa hadithi nusu.

Nina ombi moja. Sina vipimo vya baada ya mashine mpya, na hakimu ataviuliza. Kuna mtu wa kunijazia chupa sita pale pale kwenye mwamba, maji yakitoka, saa kumi?

Nafika tarehe 18 kwa basi la mchana. Wifi, sijui kama utakuja stendi. Nimeona niulize.

Dada yako

*

15 Mei

Wifi,

Aliisoma yeye, mimi sauti ilinikatikia kwenye mstari wa tatu. Alipomaliza nikaichukua nikaitupa uani. Baadaye nikaenda kuiokota, kwa sababu kulikuwa na ombi la chupa.

Chupa nimezijaza mwenyewe. Walionipeleka ni wazamiaji wawili ambao polisi hawakuwakamata. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa walioshika gurudumu, mjane kanionyesha. Njia nzima hakuniangalia, na mimi njia nzima sikumwacha kwa macho. Tulipofika akanipa miwani yake ya kuzamia. Mimi kuogelea sijui. Nilishika ukingo wa mtumbwi, nikatia uso majini.

Wifi, nilidhani nitaona angalau rangi. Hakuna. Mwamba wote umefunikwa manyoya ya kahawia mpaka pale macho yanapokoma, na samaki watatu wanazunguka juu yake bila kutua. Yule mtu akashuka na kisu, akakwangua mahali, akanionyesha kwa kidole. Chini ya uchafu kulikuwa na kipande kidogo kama ukucha, cha zambarau, kina midomo midogo inafunga na kufungua. Alipotoka nikamuuliza viko vingapi kama hivyo. Akasema, "Shemeji, sijui. Tumeanza kukwangua juzi." Akaniangalia mara ya kwanza. Nikamwambia aendelee kukwangua.

Stendi sitakuja. Atakuja mume wangu, na begi lako atalibeba kwa mkono wa kushoto, usimnyang'anye. Chumba cha nyuma nimekitandika. Utaoga, utakula, utalala. Asubuhi ya tarehe 19 mume wangu atakwenda kumwona shangazi hospitali, nimeshamwambia asirudi mapema. Tutabaki wawili. Nitakuambia yote niliyonayo juu yako, nimeyapanga, ni mengi, na hutanikatiza wala hutalia kabla sijamaliza.

Mahakamani siku ya pili yake tutakwenda pamoja. Nimekuwekea kiti karibu yangu, kwa sababu ukikaa mbali watu watadhani tumekuacha peke yako.

Wifi yako